Ukuta Ulikuwa Unavuja, Wakaniambia Mzima

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Nilizaliwa Ujiji, nikasoma mpaka kidato cha nne, kisha ziwa likanichukua, nikawa kibarua wa boti za mizigo. Kalemie, Bujumbura, Mpulungu... kote huko nimelala, na kote niliikumbuka Ujiji. Leo niko Ujiji na siendi popote. Mkono wangu wa kulia umekufa, maneno yananitoka nusunusu, na haya nayaandika kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka kukimbia vurugu kwao. Nilikuwa nikipakua mizigo yao ufukweni, na hapo ndipo nilipompata Goreti, mmoja wao. Tulioana, ingawa yeye aliandikishwa kwenye kambi ya wakimbizi na ilimbidi aishi huko. Kila niliposhuka kwenye boti nilikwenda kumwona. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kutulia!

Asubuhi moja niliinua gunia la dagaa, mkono ukaniacha. Kiharusi... Hospitali ya kwanza walisema damu imeganda ikaziba mshipa wa ubongo, na kwa kuwa moyo wangu unapiga ovyo, inaweza kuganda tena. Wakanipa vidonge vya kuzuia hilo, lakini nisivimeze kwanza. Niende Dar es Salaam nikapigwe picha ya MRI.

Daktari wa huko alinieleza vizuri. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta mwembamba sana, na kiharusi huweza kuulegeza. Ukuta ukivuja, vidonge vile vinaweza kuniua. Ukiwa mzima, vitaniokoa. Nikaingizwa kwenye bomba la mashine hiyo ya picha, linagonga kama mafundi wa boti wanaponyoosha bati. Katikati wakanichoma dawa kwenye mshipa, wakapiga picha tena na tena, kuona kama dawa ile inapenya ubongoni, na kwa kiasi gani.

Majibu yalipotoka, daktari alimwita nje kaka yangu Sefu, aliyenisindikiza. Ndivyo tulivyozoea... mgonjwa hubaki kitandani, ndugu ndiye anayesikia. Sefu akarudi anatabasamu.

"Ukuta mzima, mdogo wangu. Twende nyumbani."

Mzima! Tulipofika nyumbani, mtaani kwetu Buzebazeba, nikafungua mkoba wangu, nikaanza vidonge. Sefu hakujua kuwa ninavyo, nami sikuona sababu ya kumwambia. Nilitaka kupona haraka, kwa sababu kule kambini maneno ya kurudishwa Burundi yalikuwa yameanza. Nani angemsimamia mke wangu kama si mimi?

Haukupita muda, kichwa kikaniuma kama kinapasuliwa, nikaanguka uani. Damu ilikuwa imevujia ubongoni.

Nilizinduka wodini sina sauti. Nilimwulizia Goreti kwa macho tu, na kila siku jibu la ndugu zangu lilikuwa lile lile: atakuja kesho.

Sauti iliporudi kidogo, Sefu aliniambia yote. Picha ilionyesha ukuta unavuja sana. Daktari alisema nisiguse dawa yoyote ya damu, nirudi baada ya wiki chache nipimwe tena, maana ukuta ule huweza kujiziba wenyewe. Ilikuwa ni kusubiri tu!

Na Goreti? Alikuja. Alitoroka kambini, akafika mpaka mlango wa wodi na mfuko wake, akitaka nimwambie abaki au aende. Ndugu zangu wakamjibu kwamba mgonjwa hatakiwi kushtuliwa. Akasimama nje mpaka jua likawa kali, kisha akaondoka na mabasi ya wakimbizi wanaorudishwa Burundi. Huenda hadi leo anaamini nilimkataa.

Nilimwuliza Sefu kwa nini. Akalia.

"Mgonjwa haambiwi habari mbaya," akasema. "Hata marehemu mama hakuambiwa. Tulikuwa tunakulinda."

"Mlikuwa mnanilinda na nani?"

Mpaka leo ndiye anayenitunza. Ananilisha, ananifulia, ananishika mkono kwenda msalani, na bado moyo wangu umekataa kumsamehe. Adui angenifanyia nini zaidi ya hapa? Jioni nakaa barazani, nimeelekeza uso upande wa Burundi...

Wasomaji wenzangu, msinionee huruma. Jifunzeni tu. Habari mbaya ni ya mgonjwa mwenyewe, kama mwili ulivyo wake. Uliza kwa mdomo wako picha yako imeonyesha nini, ungali na mdomo wa kuulizia. Na daktari akimwita ndugu yako nje, mwambie aache mlango wazi.