Bomba la Jikoni

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi rangi, na hadi leo akiyasimulia hanitazami usoni. Shangazi yake alikuwa amenunua nyumba kuukuu, akamwomba ampakie jiko rangi. Alasiri aliyoanza kazi mvua ilinyesha, umeme ukakatika, jikoni mkabaki mwanga hafifu wa dirishani tu. Ukutani, kando ya mlango, akakuta mdomo wa bomba la shaba wenye kifuniko.

"Shangazi, hiki nini?"

"Bomba la kuitia watu," shangazi akajibu kutoka sebuleni. "Zamani aliye ghorofani alisema humo, wa jikoni akasikia."

Fundi akafungua kifuniko ili apake vizuri pembeni. Ndani mlikuwa na mvumo kama wa upepo. Ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Kumbe ni pumzi.

"Mama," sauti ya mtoto ikasema, karibu kabisa na sikio lake. "Njoo uniteremshe."

Brashi ikamponyoka. "Shangazi! Umemwacha mtoto huko juu?"

Shangazi akaja mpaka mlangoni, anacheka. "Juu wapi, mwanangu? Ghorofa ilibomolewa kabla sijanunua. Juu yako ni bati tu."

"Mama, umekuja?" bomba likauliza.

Kicheko kikamkauka shangazi mdomoni. Fundi akavuta kitambaa kilichokuwa begani mwake, akakishindilia bombani kwa kidole gumba mpaka kikakaza. Kukawa kimya, mvua tu juu ya bati. Wakasimama wameshikana mikono.

Ndipo kitambaa kikaanza kuvutwa ndani, polepole, mpaka pindo la mwisho likapotea.