Subiri Kidogo, Papa François

Kila Jumapili alasiri Arlène alipanga viti sebuleni, kisha akatoka uani kumfunga mbwa wake, Pilipili, kabla wageni wa maombi hawajafika. Miezi ya joto kazi hiyo ilikuwa rahisi. Lakini baridi ilipoingia mtaani kwao Turffontein, watu walianza kutembea wamejifunika blanketi mpaka puani, na Pilipili akawaona wote kama wezi. Hata majirani aliowazoea aliwabwekea mpaka povu likamtoka.

Wiki iliyopita Mama Jeannine, mmoja wa wageni hao, alibisha mapema. Arlène aliona aibu kumweka mtu mzima nje, akakimbia kufungua geti kabla ya kumfunga mbwa. Pilipili aliruka, akalirarua blanketi la mama huyo. Papa Alexis, baba yake Arlène, alisema maneno machache tu: "Akimrukia mgeni tena, mbwa huyu anaondoka."

Tangu siku hiyo Arlène hakula akashiba.

Leo pia mgeni wa kwanza aliwahi. "Hodi! Fungua, mtoto, baridi inaniua!" Alikuwa Papa François, mzee wa kanisa, amejifunika blanketi, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi. Pilipili alikuwa bado hajafungwa. Manyoya ya mgongoni yalimsimama.

Mkono wa Arlène ulikuwa tayari kwenye komeo.

"Papa, samahani," alisema kwa sauti ndogo. "Subiri kidogo, nimfunge mbwa."

"Mimi nisubiri? Eish! Siku hizi mbwa ndiye mwenye nyumba?"

Machozi yalimlenga Arlène, lakini aliuondoa mkono. "Subiri, Papa. Tafadhali."

Alimvuta Pilipili hadi nyuma ya nyumba, akamfunga, akalivuta fundo kuhakikisha limekaza. Ndipo akarudi kufungua.

Papa François aliingia akinung'unika. "Alexis, binti yako ameniacha nje kama muuza sabuni!"

Arlène aliinamisha kichwa. Baba yake alimtazama mzee juu hadi chini.

"Blanketi lako ni zima?"

"Ni zima."

"Na miguu?"

Mzee alijitazama, kicheko kikamtoka. "Mizima."

"Basi amekuheshimu," alisema Papa Alexis, akamgeukia Arlène. "Mwanangu, kumheshimu mgeni si kumfungulia haraka tu. Ni kuhakikisha anaingia salama. Ukiona hatari, sema, hata kwa mkubwa wako. Mbwa wako anabaki."

Jumapili iliyofuata, mtu aliita getini. "Arlène! Nimesimama hapa, nimevua na kofia. Mfunge kwanza mwenye nyumba!"