Mtu wa Boma la Mama Kimeu

Kimeu alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kila siku alifungiwa ndani. Majirani wa Kalama waliambiwa yuko Athi River, ameajiriwa kiwandani. Ulikuwa uongo wa mama yake.

Akili ya Kimeu ilikwenda polepole tangu kuzaliwa. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu watoto walimcheka kanisani. Mama akamrudisha nyumbani, hakumtoa tena. Watu walipozidi kumuulizia, akabuni hiyo kazi ya kiwandani.

Kila asubuhi Mutheu, dada yake wa darasa la nane, alimpa uji, akafunga kufuli, akampa mama ufunguo. Kimeu hakupiga kelele. Alikaa nyuma ya mlango, kidole kwenye ufa, akingoja.

Mwaka huo wa 1998 kikundi cha mwethya, cha majirani kusaidiana kazi, kilichimba mitaro mashambani kabla ya mvua. Kila boma lilitoa mtu mmoja na jembe, Jumanne na Alhamisi. Baba alikuwa amekufa na mgongo wa mama ulikuwa mbovu, kwa hiyo alikwenda Mutheu. Siku hizo hakuonekana shuleni, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tatu.

"Ukiendelea hivi utaanguka," Mwalimu Mutiso alimwambia. "Kwenu hakuna mtu mwingine?"

"Hakuna, mwalimu." Alikuwa amelizoea jibu hilo.

Alhamisi iliyofuata Kilonzo, katibu wa kikundi, alikuwa akiita majina.

"Boma la Mama Kimeu."

"Niko."

"Wewe tena? Si umwambie huyo mkubwa wa Athi River akuletee buti. Ama mshahara wote unaisha kwa nyama choma?"

Watu wakacheka. Malengelenge ya Mutheu yalikuwa yamepasuka na mpini ulikuwa na damu.

"Kimeu hajawahi kufika Athi River," akasema. "Yuko nyumbani. Tumemfungia."

Kicheko kikakatika. Kalekye, mwenyekiti, akaweka jembe lake chini, akashika njia ya kwenda kwa kina Mutheu. Mutheu akamfuata.

Mama aliwazuia mlangoni. "Watamcheka. Wewe hukuwaona walivyomcheka."

"Niliwaona, na nilinyamaza. Hilo ni kosa langu," Kalekye alisema. "Lakini tunakuita Mama Kimeu kila siku, kwa jina la mtoto usiyetaka tumwone. Leta ufunguo."

Mama aliketi kwenye kigoda. Kisha akafungua fundo la leso yake, akautoa ufunguo.

Kimeu alitoka amefunika macho kwa mikono. Mutheu akamwongoza hadi shambani, na Kilonzo akampa jembe. "Chimba mpaka kigingi kile, udongo urushe juu, halafu ufuate wenzako."

Kimeu akasimama tu. Mtu mmoja akaguna.

"Mwambie jambo moja," Mutheu alisema.

Kilonzo akajikuna shingo. "Chimba mpaka kigingi."

Kimeu akachimba. Wengine walipumzika na kupiga soga, yeye akachimba. Alipofika kwenye kigingi aliacha, akangoja kuambiwa la pili. Jioni Kilonzo alifuta jina la Mutheu daftarini, akaandika la Kimeu.

Mwezi uliofuata Wachira, mwenye kitalu cha miche karibu na soko, alimchukua Kimeu kujaza udongo kwenye mifuko ya miche. Alitaka kumlipa nusu.

"Hiyo mifuko anaijaza nusu?" Kalekye alimuuliza.

Wachira alitazama safu za mifuko. Akalipa sawa na wengine.

Siku hiyo Kalekye alipita kwa Mama Kimeu. "Sikuja kukulaumu," alisema. "Ulimficha kwa sababu sisi tulimcheka. Lakini mtu akifichwa hapati kazi, hapati rafiki, na anayemficha naye anafungwa pamoja naye. Ukweli ungesemwa mapema, na sisi tungefunga midomo yetu mapema, haya yote yasingekuwa."

Mama alikuwa akilitazama kufuli, ambalo sasa lilifunga banda la mbuzi.

Mutheu alikuwa amekosa siku ishirini na sita za shule. Alifanya mtihani, akaanguka, akarudia darasa la nane mwaka mzima, akafaulu. Kimeu alikuwa amekaa ndani miaka tisa. Mutheu aliupata tena mwaka wake. Ile tisa ya Kimeu haikurudi.