Mzizi Uliochimbwa kwa Jina Lake

Jua likizama, Shangazi alirudi maabara ya chuo alikofanya kazi, kwa kazi ndogo tu: kutoa mizizi kwenye kabati la kukaushia mimea.

Mizizi ilikuwa ya binti wa kaka yake, mwanafunzi wa uzamili aliyetafiti miti ya dawa. Alimlea tangu anatambaa, na kila jani alilotoka nalo porini, yeye shangazi ndiye aliyelikausha. Lakini tangu safari ya mwisho binti alikuwa hospitalini, ananyauka. Dripu zilifuatana, mwili haukushika maji.

Mchana ule, midomo imempasuka, bado alitania.

"Shangazi, nikifa usije ukanibandika kwenye karatasi kama majani yangu."

"Koma! Maneno huumba."

"Basi mizizi yangu ikauke vizuri. Bila sampuli, shahada nitaisikia kwa jirani."

Sasa mlangoni pa maabara alisimama mzee mmoja, vumbi hadi magotini. Alikuwa yule mganga aliyemwonyesha binti miti kule porini.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Ule mzizi niliomchimbia binti uko wapi?"

"Unakauka."

Mzee akashika ukuta.

Akaeleza kwa kunong'ona. Mzizi ule huchimbwa kwa kutaja jina la mgonjwa. Ukikauka, ugonjwa nao umekauka. Siku ile binti alitaka kuona unavyochimbwa, na mgonjwa hakuwepo. Akacheka: "Taja langu, babu. Ni mfano tu."

"Nami nikataja," mzee alisema. "Mtoto yule alikuwa na kicheko... ungemnyima nini?"

"Na asiye na ugonjwa, baba? Kinakauka nini?"

Mzee aliingia, akaelekeza kidole kwenye kabati.

Shangazi alifungua kabati. Joto likampiga usoni. Kisha harufu... Si ya udongo.

Mafuta ya nywele. Yale aliyomsukia nayo binti.

Mzizi ulikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Mikono yake mwenyewe iliuweka humo. Mikono yake mwenyewe iliongeza moto, ili mwanawe asichelewe kuhitimu.

Akautumbukiza kwenye beseni la maji.

Akatega sikio.

Kisha... funda moja. La pili. La tatu.

Mzizi ulikuwa unakunywa.

Simu ikaita. Kaka yake.

"Dada... mtoto ametutoka. Sasa hivi tu. Daktari amemfunika uso."

Aligeuka kulitazama beseni.

"Lakini dada..." Sauti ya kaka ilishuka. "Shuka linalowa hapa mdomoni. Na koo lake... linameza."

Maji kwenye beseni yalikuwa yamebaki kidogo.

"Utoe, mama," mzee alinong'ona. "Utoe, apumzike."

Alinyoosha mkono. Mzizi ulikuwa umeanza kujaa, laini, kama kidole cha mtoto.

Mkono ukasita hewani.

Akachukua jagi. Akaongeza maji.