Mursik Bila Mkaa

Kazi ya Chemutai ilikuwa kuchoma kijiti, kusugua mkaa wake ndani ya kibuyu, kisha kumimina maziwa yagande yawe mursik wa baba yake. Mkaa ulimchafua vidole, na darasani wenzake walimcheka. Basi tangu Januari alikiosha kibuyu kwa maji tu.

"Umepaka mkaa?" baba yake, Kipkemei, aliuliza kila mara.

"Nimepaka, Baba."

Baba aliunywa mursik alfajiri jikoni mwenye giza, kabla ya kwenda kuendesha trekta. Hakutambua tofauti, maana siku hizo hakusikia ladha ya chochote.

Kufikia Machi 1971 alikuwa amekonda hadi suruali ikafungwa kwa kamba. Mama alimlazimisha aende hospitali mjini Nakuru, Chemutai akamsindikiza.

Daktari Ranjan alimbonyeza tumbo. "Choo kina rangi gani, mzee?"

"Nyeusi. Lakini hiyo si kitu, daktari. Sisi tunakunywa mursik. Ni ule mkaa."

"Aa, mkaa," daktari alisema, akaanza kuandika vidonge.

Chemutai aliiona kalamu ikienda. Akinyamaza, siri yake ingebaki salama. Akisema, Baba angejua amedanganywa miezi miwili. Aliitazama ile kamba kiunoni mwa Baba, akaogopa zaidi.

"Hakuna mkaa!" alipaza sauti. "Nisamehe, Baba. Sijapaka tangu Januari."

"Ati nini?" Baba aliruka kutoka kitini.

"Ngoja, mzee." Daktari aliweka kalamu chini. "Kama si mkaa, hiyo ni damu iliyogeuka nyeusi tumboni."

Picha ya eksirei ilionyesha kidonda tumboni. Baba alipasuliwa wiki hiyo hiyo. Chemutai alingoja nje siku nzima.

Majibu ya maabara kuhusu kile kidonda yalipofika, daktari alimwita Chemutai karibu na kitanda cha Baba.

"Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho," alieleza. "Seli hupashana habari: ongezeka, sasa acha. Kidonda kikikaa sana, habari huharibika. Seli zingine haziachi tena kuongezeka. Hiyo ndiyo kansa. Zako, mzee, zilikuwa zimeanza, na tumezikata mapema. Tumbo likiuma, njoo upesi, useme kweli. Mimi pia ukinidanganya napotea."

Baba alimshika Chemutai vile vidole visafi.

"Ulinidanganya, na hiyo hatujamaliza," alisema polepole. "Lakini ulisema kweli ilipokuwa ngumu kusema. Mwanangu, siku nyingine ukikosa kupaka mkaa, niambie siku hiyo hiyo."