Mkebe Mnono

Kwa siku tisa Filsan alikataa chakula. Dawa ya malaria ilikuwa imemaliza homa, lakini hamu ya kula haikurudi. Mtoto wa miaka saba akabaki macho na mbavu tu. Asubuhi ya siku ya kumi akasema, "Hooyo, nataka baasto na samaki."

Nafiso, mama yake, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baasto, zile tambi ndefu, zilikuwepo. Samaki wa mkebe hakuwepo. Nyama nayo ilikuwa haipatikani Garissa. Ulikuwa ule mwaka wa mafuriko ya El Nino. Mifugo iliugua, serikali ikakataza kuchinja.

"Twende sote dukani kwa Abshiro," akasema Kerrow, baba yake. "Mimi nitachagua."

Nafiso akajitanda shela, akiwa na shaka. Kerrow alikuwa mfugaji wa Bura. Alijua kushika kiuno cha mbuzi, kubonyeza ubavu, kufungua mdomo na kutazama meno. Hakuna dalali aliyewahi kumwuzia mnyama mgonjwa. Lakini dukani? Huko alizoea kununua sukari na majani ya chai tu.

Wakafika, Filsan mgongoni kwa baba yake. Abshiro, mwenye duka, alikuwa akimpimia mteja unga. Kerrow akaanza ukaguzi kwenye rafu. Akashika mkebe wa samaki, akaubonyeza. Akashika wa pili. Yote ilikuwa bapa.

"Wamekonda," akanong'ona. "Wamekonda wote!"

"Hiyo ni mikebe, Kerrow," akasema Nafiso. "Si kundi lako."

"Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Waliokonda huwaweka mbele, wanono huwaficha nyuma. Nawajua!"

Akazunguka magunia ya mchele. Huko nyuma kulikuwa na boksi lililofungwa kamba. Akapenyeza mkono, akatoa mkebe uliofura juu na chini, kama tumbo la ngamia aliyetoka kisimani.

"Nilisema nini?"

Filsan akaubonyeza kwa kidole. Ulibonyea, kisha ukarudi: tok! Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. Basi Kerrow akaamua. Mkebe ni huo, hakuna mwingine.

"Abshiro, nipe huyu."

Abshiro akaacha mizani. "Urudishe, walaal, ndugu yangu. Huo siuzi."

"Huuzi? Umewawekea nani? Wakubwa wa ofisini?"

"Mikebe hiyo nimeiweka ikazikwe. Bwana afya ndiye aliyeniambia."

"Wallahi, mji huu! Mtu anazika samaki mnono, na mtoto wangu ana njaa!"

"Mtoto wako ndiye sababu sikupi," akasema Abshiro. "Huo si unono, ni gesi. Ndani mna vijidudu, jicho haliwezi kuviona. Vinamla samaki, vinatoa gesi, mkebe unafura. Vingine huacha sumu. Sumu hiyo humlegeza mtu mzima mpaka ashindwe kupumua."

Kerrow akaugeuza mkebe. "Gesi ndani ya chuma? Hebu tuufungue, nimnuse. Maziwa yakichacha najua kabla hujafungua kibuyu."

"Hapana! Usifungue, usionje. Sumu nyingine haina harufu wala ladha."

Kerrow alikuwa bado ameushika. Ndipo Nafiso akauliza taratibu, "Unamkumbuka beberu wetu mweupe? Alipokula majani mabichi baada ya mvua?"

"Namkumbuka. Ubavu wa kushoto ulifura kama ngoma."

"Mgeni akapita, akasema mashallah, beberu mnono. Ulimjibu nini?"

Kerrow akakohoa. "Nilimwambia ni mjinga."

"Na nini tena?"

"Kwamba beberu yule hajanenepa. Anakufa."

Kerrow akautazama mkebe. Akautua chini kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka nyoka aliyelala. Akanawa mikono.

Kisha maswali yakamtoka kama maji. "Na huyu aliyebonyea?"

"Kibonyeo kidogo ubavuni si neno. Kikiwa kwenye mshono, uache."

"Mwenye kutu?"

"Kutu ikifutika kwa kidole, sawa. Ikiwa imekula chuma, uache. Unaovuja pia."

"Haye. Na umri? Meno yake yako wapi?"

Abshiro akacheka akishika mbavu. Lakini Nafiso hakucheka. Alikuwa na miezi mitatu katika darasa la watu wazima. Akachukua mkebe bapa, akautafuta chini, akafuata namba kwa kidole. "Mwezi wa... nane. Mwaka... tisini na tisa. Bado zaidi ya mwaka mzima."

"Hayo ndiyo meno," akasema Abshiro. "Tarehe ikipita, usinunue."

Kerrow akanunua mikebe miwili iliyokonda. Kisha akaomba jembe. Nyuma ya duka akachimba shimo hadi kiunoni, mbwa wasifukue, akazika boksi lote. Alichimba vizuri. Mwaka ule alikuwa amezika mbuzi wengi.

Nyumbani Filsan alikula sahani nzima, akalamba vidole.

"Aabo," akamwambia baba yake, "huyu alikuwa amekonda, lakini mtamu. Niongeze."

Nafiso akaenda kumwongezea. Kerrow akaushika mkebe mtupu, akaupindua, akazikodolea macho zile namba kwa muda mrefu.

"Lile darasa lenu," akamwambia mkewe, "wanaume wenye mvi wanaruhusiwa?"

"Wanaruhusiwa."

"Basi kesho unipeleke. Sipendi kununua mnyama ambaye siwezi kumsoma meno."