Mchumba wa Kwenye Fomu

Mapokezi ya kituo cha kompyuta yalifurika watu wa mabenki na makoti yao, na binti mwenye gauni la rangi ya haradali alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alikuwa mwandishi wa programu, akijitegemea, chumbani kwake nyumbani kwa mama. Hospitali moja ilikuwa tayari kuchukua programu yake ya kupanga dawa, mradi kwanza ijaribiwe kwenye kompyuta kubwa kama ile yao. Akajibiwa kwamba mashine hukodishwa kwa makampuni makubwa tu.

Akageuka kwa hasira, akakutana uso kwa uso na kijana aliyevaa sweta zito katikati ya joto.

"Unaumwa?"

"Mimi fundi. Chumba cha mashine ni baridi tupu, mashine yenyewe inabembelezwa kuliko kichanga. Wewe nani kakununisha?"

Akamweleza, akamwachia na namba yake ya simu. Baada ya siku mbili fundi akampigia: nafasi imepatikana, aingie kwa mtandao kila asubuhi, kwa bei nafuu ya wafanyakazi. Tangu hapo simu zake zikawa kama mlo, hazikosi kila siku.

"Programu imeamkaje, mpenzi?"

"Imeamka na makosa kumi na moja."

"Basi imemfuata mwenyewe."

"Ukiendelea nakata." Hakukata.

Siku moja alipokwenda kituoni kuchukua kadi yake ya mteja, dada wa mapokezi akamkunjulia uso. "Karibu, shemeji. Harusi lini?"

Akaonyeshwa fomu. Mbele ya jina lake, kwa mwandiko wa fundi: mchumba. Bei ile ilikuwa ya wafanyakazi na jamaa zao.

Alimpigia papo hapo. "Kumbe nimeshaposwa, mwenyewe sina habari?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Watasema programu yangu imepitia mlango wa mapenzi. Usinipigie tena."

Siku tisa simu ikanyamaza, na majaribio mawili yakabaki kiporo. Mama akamtazama. "Umemnunia yule kijana, au unajikomoa mwenyewe?"

Siku ya kumi, adhuhuri, fundi akabisha hodi.

"Nimekiri kwa meneja. Nimepewa barua ya onyo."

"Ulistahili."

"Nilistahili. Ila nilimwonyesha kwamba asubuhi nusu ya mashine imelala bure, na waandishi wadogo kama wewe wako wengi. Amekubali. Kuanzia leo, yeyote anayejitegemea atakodi masaa machache kwa bei anayoimudu. Wa kwanza kwenye orodha ni wewe, na mbele ya jina lako hakuna neno."

Binti akaegemea mlango. Kinyongo kilikuwa kinamtoka bila ruhusa yake.

"Na mimi?" fundi akauliza taratibu. "Nilipaswa kukuuliza kabla ya kuandika. Sasa nakuuliza. Utanioa... yaani, nikuoe?"

Binti akacheka mpaka akashika ubavu. "Ndiyo. Lakini majaribio mawili yamebaki. Kaa unywe chai, niyamalize kwanza."

Jikoni, mama alikuwa ameshampigia shangazi simu.